Mibono na Hesabu Iliyoruka Miti

Bei ya mafuta ikipanda, hoja za nishati mimea hufufuka. Tanzania ilizisikia sana kuelekea 2010, wawekezaji walipomiminika kutafuta ardhi ya mibono kaburi na miwa. Leo zinarudi zikiwa zimevaa joho la sera ya tabianchi.

Eti mbono hauchagui ardhi. Unastahimili ukame, kweli, na ndiyo maana watu huupanda kuwa uzio. Lakini kustahimili si kuzaa. Bila mvua na rutuba hutoa mbegu chache, tena matunda hayaivi kwa pamoja, hivyo huchumwa kwa mkono, kwa awamu. Wawekezaji wenyewe hawakwenda jangwani. Walikwenda Kisarawe na Kilwa.

Eti ardhi ilikuwa tupu. Dai hili ndilo lililoumiza zaidi. Sun Biofuels ya Uingereza ilipata hekta 8,211 Kisarawe, kutoka vijiji 11. Kwenye makaratasi hilo lilikuwa pori. Kwa wanakijiji lilikuwa kuni, mkaa, dawa, nguzo za kujengea, na akiba ya mashamba ya watoto wao. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji huhawilishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla ndipo mwekezaji wa nje apewe. Wangapi walielezwa maana yake? Mradi ukifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Kampuni ilipoanguka mwaka 2011, mradi ulipita kwa mwekezaji mwingine, vijiji vikabaki watazamaji.

Ajira? Zilikuwepo, mamia kadhaa. Mradi ulipoanguka, walioajiriwa walikosa kazi na pori pia.

Eti mafuta ya mimea hayaongezi hewa ukaa. Mmea huinyonya ukikua, huirudisha mafuta yake yakichomwa, jumla sifuri. Hesabu nzuri, ila inaanzia kwenye mche na kuuruka mti uliokatwa kuupisha. Kilwa, Bioshape ya Uholanzi ilipata takriban hekta 34,000, ikafyeka sehemu ya msitu, kisha ikafilisika 2010. Mwaka uliofuata mtafiti Henny Romijn alichapisha makadirio yake: mibono ikichukua nafasi ya miombo, deni la hewa ukaa iliyotoka kwenye miti na udongo hulipwa kwa zaidi ya miaka 30. Alisema pia, na tumpe haki yake, kwamba kwenye ardhi iliyochakaa kabisa mibono inaweza kusaidia. Mradi wa Kilwa haukufikisha hata miaka 10. Deni lilibaki, mdaiwa akatoweka.

Lipo dai jipya: nishati mimea itatusaidia kutimiza ahadi yetu ya 2021, ya kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 kulinganisha na hali ya kutochukua hatua. Mafuta ya mimea yakiuzwa nje, huenda mambo yakawa kinyume. Kwa kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto, hewa ukaa ya mafuta hayo huandikwa sifuri kwenye sekta ya nishati ya nchi inayoyachoma. Msitu uliofyekwa huandikwa kwa nchi yenye msitu. Ulaya inapata sifa, sisi tunapata doa. Anayetaka kweli kulinda misitu aanzie jikoni, kwenye kuni na mkaa, kama Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unavyolenga: asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ethanoli ya molasi, masalia ya viwanda vya sukari, inaweza kuwasha majiko bila kudai ekari moja mpya ya pori.

Watetezi hutaja Makueni, Kenya, ambako kiwanda cha kampuni ya mafuta ya Eni kilianza 2022 kukamua mbegu za mbarika zinazolimwa na wakulima kwenye mashamba yao wenyewe. Kwa upande wa ardhi, mpango huo umeizidi Kisarawe mbali sana. Ila mafuta yalisafirishwa hadi Gela, Italia, na kutoka hapo ile hesabu ya sifuri inaandikwa kwenye daftari lilelile la Ulaya.