Chuo si Shahidi wa Mataji Yake

Kuna hukumu inayotolewa madarasani na katika vyumba vya habari kana kwamba kesi imekwisha: Wikipedia haiaminiki kwa sababu kila mtu anaweza kuiandika. Anayetaka ukweli huambiwa aende kwenye chanzo rasmi. Kwa historia ya michezo ya vyuo vya Marekani, ushauri huo ni mbaya. Huko chanzo rasmi ndicho chenye masilahi kuliko wote, na mara nyingi wahariri wa kujitolea ndio wanaokianika.

Tuanze na futiboli ya Kimarekani. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, haijawahi kutoa ubingwa katika ngazi ya juu kabisa ya mchezo huo. Kwa miongo mingi bingwa alitangazwa na magazeti, na makocha, na watu binafsi wenye kanuni zao za hesabu. Wengine waliketi miaka mingi baadaye wakagawa mataji kwa timu za enzi za babu zao. Kwa hiyo msimu mmoja unaweza kuwa na mabingwa wawili, watatu au zaidi, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Alabama inadai ubingwa wa 1941. Mwaka huo ilishinda mechi 9 ikapoteza 2, ikamaliza ya tatu katika ligi yake, na katika orodha ya shirika la habari la AP ilishika nafasi ya 20. Bingwa wa AP alikuwa Minnesota, ambayo haikufungwa hata mechi moja. Dai la Alabama limesimama juu ya hesabu za mtu mmoja, Deke Houlgate, na liliingizwa katika kitabu cha chuo miaka ya 1980, pamoja na mataji mengine manne ya kabla ya enzi ya kocha Bear Bryant. Texas A&M nayo, ilipohamia ligi mpya mwaka 2012, ilijiongezea ubingwa wa 1919 na 1927. Hakuna mechi iliyorudiwa. Kilichobadilika ni uamuzi wa ofisi.

Sasa mwambie mwanafunzi akatafute idadi ya mataji ya Alabama kwenye "chanzo rasmi". Atarudi na namba moja, safi, isiyo na maelezo. Akifungua Wikipedia atakuta mataji ambayo chuo kinadai yametengwa na yale yaliyotolewa na watoa orodha, na kila mtoa orodha ametajwa kwa jina. Akifungua historia ya ukurasa ataona nani alibadilisha nini, na lini. Akienda kwenye ukurasa wa majadiliano atakuta mashabiki wa vyuo hasimu wakibishana juu ya neno moja, kila mmoja akimdai mwenzake ushahidi. Ubishi huo ambao watu wanaudharau ndio unaoifanya kazi hiyo iaminike. Shabiki wa Auburn, chuo hasimu cha Alabama, hatakubali Alabama ipewe taji bila tanbihi. Ndani ya ofisi ya habari ya chuo, nani atasimama kumpinga bosi wake?

Jambo linaloniuma zaidi ni wanawake. Februari 2024 Caitlin Clark wa Iowa alimpita Kelsey Plum, aliyekuwa na pointi 3,527, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba ndiye mfungaji bora katika historia ya kikapu cha wanawake vyuoni. Haikuwa kweli. Lynette Woodard wa Kansas alikuwa amefunga pointi 3,649 kufikia 1981, tena kabla mchezo wa vyuo haujapata mstari wa pointi tatu. Pearl Moore, aliyechezea vyuo vidogo vya South Carolina, alifikisha 4,061, idadi ambayo hata Clark, aliyemaliza na 3,951, hakuifikia. Kwa nini hawakuwamo katika kitabu cha rekodi? Kwa sababu NCAA haikuandaa mashindano ya kikapu ya wanawake ya ngazi ya juu hadi msimu wa 1981–82. Kabla ya hapo yaliendeshwa na chama kingine, AIAW, ambacho NCAA ilikivunja nguvu kwa kuingia uwanja huohuo na fedha zake. Ukifuata chanzo rasmi peke yake, wanawake wa vyuo vya Marekani walianza kucheza kikapu cha maana mwaka 1982. Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania kilichotwaa ubingwa wa AIAW mara tatu mfululizo kuanzia 1972, hakimo. Katika Wikipedia kimo, na mataji yake yamo.

Sikatai kwamba uongo hupenya. Mwaka 2005 wasifu wa mwanahabari John Seigenthaler ulikaa miezi kadhaa ukimhusisha na mauaji ya Kennedy, jambo la uzushi mtupu. Lakini katika historia ya michezo naogopa kosa la aina nyingine: kurasa za vyuo vidogo ambazo tanbihi zake zote zinaelekea kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Hapo Wikipedia inayumba kwa kutii chanzo rasmi, yaani kwa kufuata ushauri uleule wanaoutoa wakosoaji wake.

Suala hili linatugusa. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia za mbio ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, alikiwakilisha Chuo Kikuu cha Texas, El Paso. Vyuo hivyo vinajua kuhesabu mataji waliyoviletea. Walikotoka, nani aliwafundisha mbio kabla ya kupanda ndege, nyumbani waliandikwaje, hayo si kazi ya kitabu cha chuo cha Marekani. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003 na iko wazi kwa yeyote mwenye chanzo kilichochapishwa, na magazeti ya Nairobi na Dar es Salaam ya miaka hiyo yaliwafuatilia. Mhadhiri anayemkataza mwanafunzi wake kuigusa angemtuma maktabani akayasome magazeti hayo, kisha aongeze aya mbili zenye tanbihi kwenye ukurasa wa Nyambui, na awe tayari kuzitetea mtu akizipinga.