Mtoto Hajafika Ruiru: Ni Nani wa Kuulizwa?

Siku ya kufunga shule, msichana wa sekondari apanda matatu mjini Thika na sanduku lake la chuma. Shangazi anamngoja Ruiru saa nane. Saa tisa yafika, mtoto haonekani. Shangazi anajiambia, "Labda mamake amempitia." Mama, aliye kazini Nairobi, anajua mtoto yuko kwa shangazi. Baba hata hakuambiwa siku ya kufunga. Hebu niambie, msomaji, ni nani anayemtafuta mtoto huyu?

Mara nyingi tatizo huanzia kwenye miadi. "Tukutane Ruiru." Ruiru gani? Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, matatu nyingi za Nairobi haziingii mjini. Abiria hushushwa kando ya barabara. Mtoto mgeni aweza kusinzia akajikuta Githurai, na simu hana kwa sababu shule nyingi haziruhusu.

Basi aliyeahidi kumpokea asibanduke pale. Mtoto akichelewa akute hakuna mtu, ndipo atakapopotea kweli. Akiwa papo hapo apige simu shuleni, aulize ameondoka saa ngapi na nani, kisha ampigie mama. Mtu mwingine ndiye aende kuulizia makondakta katika vituo vya mbele.

Kuna uvumi kwamba polisi hawapokei habari za aliyepotea mpaka saa 24 ziishe. Hakuna sheria inayokutaka ungoje hivyo. Mtoto akikosekana, nenda na picha yake ya karibuni katika kituo chochote cha polisi, na usitoke bila nambari ya OB. Nambari 116 ya Childline Kenya nayo haitozwi malipo.

Na baba? Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa mama na baba jukumu sawa, wawe wameoana au la. "Hayo muulize mamake" si jibu, bwana.

Akifika jioni kajaa vumbi, fimbo iwekwe kando. Mpe chakula, kisha muulize alipitia wapi na ni nani aliyemsaidia. Muhula ujao, kabla sanduku halijafungwa, aandikiwe nambari tatu za simu kwenye karatasi. Moja iwe ya jirani, maana ya mama huenda ikawa imezimwa kazini.