Huruma ya Muuguzi na Mtihani Wake

Wapo wasemao kwamba huruma ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo, na kwamba chuo cha uuguzi hakina la kufanya ila kumfundisha mwanafunzi kupima joto, kuhesabu mapigo ya moyo na kuchoma sindano, yaliyobaki akaachiwa Mwenyezi Mungu. Hoja hii ina sura ya unyenyekevu, lakini madhara yake naona ni makubwa, kwani humwondolea mkufunzi wajibu wake, na kijana aliyeingia chuoni na moyo mwema humwacha aende wodini pasipo mtu wa kumwonyesha namna ya kuutumia.

Mwanafunzi wa uuguzi hufika wodini na daftari la mazoezi, ambamo zimeorodheshwa kazi anazopaswa kuzifanya: vidonda vya kusafisha, mipira ya mkojo ya kuweka, wazazi wa kuzalisha, na kila kazi ina nafasi ya sahihi ya msimamizi. Sina ugomvi na daftari hilo, maana muuguzi asiyejua kazi ni hatari kwa mgonjwa hata akiwa mpole namna gani. Lakini mwanafunzi hushika kile kinachohesabiwa, na daftari aghalabu haliulizi kama mgonjwa alipewa dawa ya maumivu mapema, ikapata kufanya kazi kabla bandeji haijabanduliwa, kama pazia lilivutwa, kama idhini iliombwa, wala kama aliitwa kwa jina lake au aliitwa kitanda namba sita. Hayo yote hufundishika, tena yaweza kupimwa.

Mwanafunzi asipofundishwa hayo na mkufunzi, atafundishwa na zamu. Atamsikia muuguzi mkubwa akimkaripia mzazi mwenye uchungu, ataona wenzake wamenyamaza, naye baada ya muda atadhani kwamba ukali ndio dalili ya ujuzi. Wala jambo hili si la nchi moja: mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko juu ya wanawake wanaojifungua katika vituo vya afya, likitaja waziwazi kupigwa, kufedheheshwa, kutendewa bila ridhaa, kunyimwa dawa za maumivu na kuvunjiwa sitara; na mwaka 2018 likapendekeza kila mzazi awe na mwenzi amtakaye wakati wa uchungu. Pendekezo hilo ni jema, ila pale ambapo vitanda vya leba vimesogeleana bila pazia, mwenzi wa mzazi huyu hawezi kuingia pasipo kumvunjia heshima mzazi yule. Kwa hiyo huruma nayo yataka kitambaa cha pazia na fimbo ya chuma ya kulitundikia.

Watetezi wa hali ilivyo hujibu kwamba wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Uchache huo ni wa kweli, nami sipendi kumlaumu anayehudumia wodi nzima usiku peke yake. Hata hivyo, muuguzi Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliwakanya wanaonong'ona karibu na mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa hukaza masikio akihofu kwamba asemwaye ni yeye. Na kuacha kunong'ona hakuhitaji mwajiriwa mpya. Yapo mengine yanayohitaji sheria na dawa. Uganda, ambako Daktari Anne Merriman alianzisha huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, mwaka 1993, iliruhusu kisheria mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba hiyo waandike mofini ya kunywa. Muuguzi wa namna hiyo, akiketi na mgonjwa wa saratani, ana neno la faraja na ana dawa. Aliyekatazwa dawa hubaki na neno tu, na maumivu makali hayasikii maneno.

Ndiyo maana naona vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vifanye sehemu ya mtihani kando ya kitanda, mgonjwa mwenyewe, kwa ridhaa yake, aulizwe alivyohudumiwa, na jibu lake liwe na alama zinazoweza kumwangusha mtahiniwa. Vilevile muuguzi msimamizi apunguziwe kazi nyingine siku anapofundisha, na hospitali zikome kuwahesabu wanafunzi kama watumishi wa kuziba pengo la zamu. Maana anayepewa wagonjwa wengi kupita uwezo wake, katika umri wa kujifunza, hana nafasi ya kumwuliza hata mmoja wao kama usiku alilala.