Mchwa Ametumwa Tu

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitupa likizo tukapande miti. Nilipanda mikaratusi 40 kwa nyanya, Kakamega, nikapiga picha, nikazitupia mtandaoni kama kila mtu. Krismasi nikakuta imebaki 11. Mingine ilikuwa imetafunwa shina pale pale usawa wa udongo, mabaki yamevikwa tope. Mchwa.

Muuza dawa hakuniuliza swali hata moja. Alinipa chupa, akachukua pesa. Nyanya aliiangalia akasema, "Ukimwaga hiyo, mjukuu wangu, uyoga tutaula wapi?"

Nilidhani anatania. Kumbe mchwa wa vichuguu, hawa Macrotermes, hawawezi kusaga mti peke yao. Wanachotafuna kinapita tumboni haraka, wanakitoa na kukijenga kama sega huko chini, na kwenye sega hilo inamea kuvu iitwayo Termitomyces. Kuvu ndiyo inayolainisha zile nyuzi ngumu za mti, kisha mchwa wanakula sega lililoiva pamoja na kuvu yenyewe. Mmoja hawezi kuishi bila mwenzake. Wamelima hivyo, hapa hapa Afrika, kwa takriban miaka milioni 30, halafu mimi nakuja na chupa ya lita moja! Na ule uyoga unaochomoza kichuguuni mvua zikianza, ule tunaogombania na binamu zangu, ni kuvu hiyo hiyo.

Sasa tuache uongo. Kuvu haidai mti ulio hai. Majani makavu, nyasi zilizokufa na vijiti vinaitosha kabisa. Sisi ndio tunafagia shamba likang'aa, tunachoma majani, halafu kwenye udongo huo mtupu tunachomeka mche laini wa mti uliotoka Australia, ambao haujawahi kukua na mchwa hawa. Mchwa ametumwa chakula na nyumbani kimebaki kitu kimoja tu. Ulitaka alete nini?

Najua kuna mkulima aliyekopa pesa za miche, na simwambii akae akitazama hasara. Hasira yangu ni kwa wanaotugawia miche. Lengo ni miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila sherehe tunasomewa idadi iliyopandwa. Nani amewahi kurudi kuhesabu iliyo hai baada ya misimu miwili ya mvua? Nani alipima udongo, au hata kuuliza vichuguu viko wapi, kabla lori halijashusha miche? Kwetu hakuja mtu. Wasee wa kamera walikuja, hao sikatai.

Mvua hii nimepanda lusiola 12, nyanya akiniamuru kila shimo lichimbwe wapi. Majani ya migomba tumeyaacha yaoze shambani. Ile chupa bado iko, haijafunguliwa. Mwenye duka amekataa kunirudishia pesa.