Mama Aliyechora Hesabu Sakafuni

Mwezi huu natamani tumkumbuke mwalimu mmoja, Maryam Mirzakhani. Alizaliwa Tehran, nchini Iran, mwaka 1977. Alisoma hesabu huko kwao, kisha akaenda Marekani, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2014 alitunukiwa nishani ya Fields, ambayo tangu ilipoanza mwaka 1936 haikupata kupewa mwanamke. Naye wakati huo alikuwa amekwisha shikwa na maradhi ya saratani.

Alipokuwa akifikiri, alitandaza makaratasi makubwa sakafuni nyumbani kwake, akachora na kuchora tena. Binti yake mdogo alimtazama, akadhani mama yake kazi yake ni kuchora picha. Tarehe 14 Julai 2017 mama huyo alifariki, umri wake miaka 40.

Mimi ni mwalimu wa chuo, na hesabu yangu ni ile ya kugawa mirathi. Nakiri kosa langu: zamani mzazi mmoja aliniuliza habari ya binti yake, nikamjibu kuwa Juzuu Amma na jiko vyamtosha. Akamtoa skuli. Leo binti yule ni mama. Huniletea barua za skuli za wanawe nimsomee. Kila nizisomapo naona haya.

Wazee wenzangu, umri wa mama haujulikani. Tumpe elimu mapema, ili hayo machache atakayojaaliwa kukaa na wanawe, wamwone akisoma.

Wabillahi tawfiq.