Fimbo ya Shuleni, Kidonge cha Hospitalini

Ukishuka basi Maili Moja, Kibaha, ukapanda bodaboda kuelekea Tumbi, hufiki mbali kabla ya kukutana na mpango ambao miji mingi ya Tanzania haina: shule, vyuo na hospitali vimekaa ujirani, kana kwamba mtu alikaa chini akafikiri. Na kweli alifikiri. Nchi za Nordiki zilijenga kituo hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ujinga, maradhi na umaskini vipigwe vita mahali pamoja, kisha zikakikabidhi kwa Tanzania mwaka 1970. Ndicho kilichokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Huduma ya afya iliyoanzia kituoni ilikua ikawa Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni ya rufaa ya Mkoa wa Pwani na ambayo Watanzania wengi huisikia redioni kila ajali inapotokea Barabara ya Morogoro.

Ujirani huo wa majengo haujawa ujirani wa kumbukumbu, si Kibaha wala kwingineko nchini. Mtoto aliyechapwa darasani na kijana anayeambiwa miaka kumi baadaye kwamba ana sonona wanaweza kuwa mtu mmoja. Shule ina daftari lake, hospitali ina faili lake, na hakuna anayeyasoma yote mawili. Utafiti uliofanyika hapa hapa nchini unaonyesha kwamba hilo ni kosa, nao ulianza kusema zamani.

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Waliohojiwa walikuwa vijana zaidi ya 3,700 wa Bara na Zanzibar, wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa ngumi, mateke au viboko na watu wazima au wapenzi wao walikaribia robo tatu. Nchi chache za Afrika zilikuwa na ujasiri wa kuhesabu mambo hayo na kuyachapisha, na serikali inastahili sifa kwa hilo.

Baadaye wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, akiwamo Tobias Hecker. Walizungumza na watoto 409 wa shule ya msingi. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Lakini kilichopaswa kuwaumiza vichwa wazazi na walimu ni kingine: kadiri adhabu ilivyokuwa kali, ndivyo mtoto alivyokuwa na hofu na huzuni zaidi, na huzuni hiyo ilienda sambamba na kumbukumbu dhaifu na alama za chini darasani. Fimbo inayoshikwa ili mtoto afaulu hukutwa mahali pale pale ambapo mtoto anafeli.

Duniani jambo hili lina jina kubwa tangu mwaka 1998, Vincent Felitti na Robert Anda walipochapisha utafiti wao wa Marekani kuhusu masaibu ya utotoni. Mtu mzima aliyepitia masaibu ya aina nne au zaidi alikuwa na uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kuwa mlevi, kuwa na sonona au kujaribu kujiua, kuliko yule ambaye hakupitia lolote.

Hapo ndipo huja jibu la kijiweni: mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu? Jibu hilo lina kasoro moja kubwa. Linatolewa na waliobaki kijiweni. Aliyeacha shule, aliyezama kwenye gongo na aliyefichwa chumba cha uani hawaitwi kutoa ushahidi. Wala haitwi mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, aliyefariki Agosti 2018 baada ya kupigwa na mwalimu. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Anayejua shule zetu anajua hesabu hiyo inavyofuatwa.

Sasa twende upande wa pili wa uzio, kwenye dirisha la dawa.

Mgonjwa anayepewa haloperido au klopromazini kwa sababu anasikia sauti, au amitriptilini kwa sababu ya sonona, anapewa dawa zilizogunduliwa na kupimwa kwanza Ulaya na Marekani, kwenye miili ya huko. Klopromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Dawa hizo zinasaidia, na zimewatoa watu kwenye minyororo. Ila mwili unazipokea kwa namna yake. Ini huzivunjavunja kwa vimeng'enya, na kasi ya vimeng'enya hivyo hurithiwa. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden na wa Muhimbili, akiwamo Profesa Amos Massele, walichapisha matokeo ya kuwapima Watanzania: kimojawapo cha vimeng'enya hivyo kilifanya kazi taratibu kuliko ilivyotarajiwa kwa kulinganisha na Wazungu. Kwa Waethiopia hali ni kinyume, kwani karibu 3 kati ya 10 wana nakala za ziada za kinasaba cha kimeng'enya hicho, na dawa huweza kuwaishia mwilini upesi. Kimeng'enya chenyewe ni miongoni mwa vinavyoshughulikia haloperido, amitriptilini na nyingine nyingi za aina hiyo.

Maana yake ni kwamba dozi iliyo sawa kwenye kitabu inaweza kuwa kubwa mno kwa mtu wa Kisarawe. Naye hasemi "dozi yangu imezidi". Anasema shingo imekakamaa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka, hawezi kutulia kwenye kiti, analala mchana kutwa na shamba linaota majani. Familia inaona ugonjwa umezidi, au kwamba waliomtupia majini wameongeza. Nauli ya kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya haitolewi mara mbili kwa ajili ya dawa inayomgeuza mtu kuwa gogo. Vidonge vinawekwa juu ya kabati na safari inayofuata ni kwa mganga. Utafiti wa Ngoma, Prince na Mann uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba jijini Dar es Salaam karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi, ilhali katika vituo vya afya walikuwa kama robo tu. Watu hawa wanatafuta mtu wa kuwasikiliza, na wanajua wapi anapatikana.

Kwa vijana tahadhari inazidi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona ziwekewe onyo kali kabisa, kwamba zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, hasa wiki za mwanzo. Hiyo si sababu ya kuzikataa, na anayezitumia asiziache ghafla bila kumwona daktari. Ni sababu ya kumwita kijana arudi baada ya wiki moja au mbili aulizwe anaendeleaje. Kijana huyo akijaribu kujiua, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inamhesabu kuwa mkosaji. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Dawa peke yake, basi, haitoshi, na wapo waliojaribu njia nyingine. Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishiriki jaribio la tiba ya mazungumzo katika vikundi, lililochapishwa mwaka 2020. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliofunzwa, wakikutana na watoto mara moja kwa wiki. Matokeo hayakuwa ya kushangilia moja kwa moja. Kenya watoto walipata nafuu na nafuu ikadumu. Moshi vijijini nafuu ilionekana mwanzoni, ila baada ya mwaka tofauti na wenzao waliopata huduma za kawaida haikuonekana tena. Moshi mjini haikuonekana tangu mwanzo. Matokeo ya namna hii ndiyo yanayofaa kuheshimiwa, kwa sababu yanakataza kunakili. Kama Bungoma na Moshi hazikufanana, hakuna sababu ya kudhani Mlandizi au Mzenga zitafanana na yoyote kati ya hizo.

Ndiyo maana Kibaha ingekuwa mahali pazuri pa jaribio la Watanzania wenyewe. Shule zipo, hospitali ipo, na chuo cha afya kinachofundisha matabibu kipo. Mafunzo kwa walimu nayo yameshapimwa: jaribio la mtafiti Mtanzania Mabula Nkuba, Hecker na wenzao katika shule nane za sekondari za umma, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba walimu waliofunzwa kwa siku chache njia nyingine za nidhamu walipunguza kupiga, kwa maelezo yao na ya wanafunzi wao. Nusu ya shule za Kibaha na Kisarawe zipewe mafunzo hayo mwaka wa kwanza, nusu nyingine mwaka wa pili. Katika kliniki za akili, faili liwe na nafasi ya maswali mawili: ulipokuwa mdogo ulitendewa nini, na dawa inakufanya ujisikieje. Swali la kwanza liulizwe faraghani, na mtu aliyefunzwa, pale tu ambapo yupo wa kumpokea anayelia baada ya kujibu. Majibu ya swali la pili yaandikwe kwenye fomu ya njano ya madhara ya dawa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ipo tayari na inasubiri kujazwa.