Kufuli Lipo, Ila Nani Analiona?

Makamanda, nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipewa kazi ya kutuma orodha ya mawakala wetu kwa barua pepe: majina, namba za simu, vituo vyao. Niliambiwa niisimbe kwanza. Nilijua maana yake, nilijua hatari yake, ila ilikuwa saa tano usiku na kesho yake nina mtihani. Nikatuma wazi, hivyo hivyo.

Mpaka leo inaniuma. Lakini nilipoanza kusoma nikakuta siko peke yangu. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar, waliwapa watu 12 kazi ya kutuma siri kwa kutumia PGP 5.0. Na kazi yenyewe sasa! Waliambiwa wajifanye wanaratibu kampeni ya uchaguzi. Walipewa dakika 90. Waliofanikiwa ni theluthi moja tu, na watatu walituma siri ikiwa wazi bila kukusudia. Hawa walikuwa watu waliozoea kompyuta, jamani.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema sura ya programu ni urembo tu. Chukua K-9 Mail, programu huria ya barua pepe kwa simu za Android, iliyoanza 2008. Mwaka 2021 ilibadilishwa sura, na watumiaji wengi wa zamani wakalalamika kweli kweli. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye mradi wa Thunderbird, na Oktoba 2024 ikatoka Thunderbird ya Android, iliyojengwa juu yake. Sura imependeza. Usimbaji je? Thunderbird ya kompyuta ina OpenPGP ndani yake tangu 2020. Kwenye simu ilipotoka, bado ulitakiwa upakue programu ya pili, OpenKeychain, utengeneze funguo huko, kisha urudi uziunganishe kwenye mipangilio. Hivi wakala wa kijijini, mwenye bando la siku moja, atafika mwisho wa safari hiyo?

Mimi nasema hapa ndipo nguvu ya wabunifu ingeanzia, kabla ya rangi na menyu. Mtu aone kabla ya kubonyeza kutuma kama barua yake imefungwa au iko wazi, na kwa Kiswahili chepesi. Msimbo uko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo vijana wetu wa kompyuta wanaweza kuchangia, sio kulalamika tu kama ninavyofanya mimi.

Kuna wenzangu darasani wanasema asiye na kosa hana cha kuficha. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano ya faragha ya kila mtu, haijasema ya wenye makosa. Ibara ndogo ya pili inataka kuwe na utaratibu wa kisheria kabla haki hiyo haijaingiliwa. Lakini ibara haifungi barua. Na hata usimbaji wenyewe hauondoi kila kitu: unaficha maneno, ila nani kamwandikia nani bado inaonekana.

Ufunguo wangu nimeshatengeneza. Katibu wa tawi bado. Tumekubaliana tukae Jumamosi, aje na simu yake na chaja, na orodha mpya haitoki mpaka tumalize.